Mashuka Mawili Juu ya Paa

Siku lifti ya jengo ilipokufa kwa mara ya tatu mwezi ule, wateja wa ofisi ya tiketi walifika ghorofa ya nne wakiwa wameshanuna. Walipanda ngazi na mabegi yao, wakachukua namba mlangoni, wakakaa kujipepea kwa pasipoti. Ilikuwa wiki ya kufunga shule na hapakuwa na kiti kilichobaki wazi. Kwenye kaunta ya pili alikaa dada mmoja mwenye kitambaa cha kijani shingoni, sare ya ofisi, na kucha fupi zilizogonga kibodi mbio mbio. Wenzake walimwita Dirisha, kwa sababu kila abiria, awe tajiri au mwanafunzi, alimuuliza swali lile lile: ukiwa angani ungependa kuona nini?

Wengi hawakuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Alijua ndege ya asubuhi iendayo kaskazini inataka ukae kushoto, la sivyo jua litakupiga usoni hadi utue. Alijua safu za kukwepa, zile za juu ya bawa, ambako mtu anapewa dirisha akaishia kutazama bati safari nzima. Alijua mlima uko upande gani na unajitokeza dakika ngapi baada ya chai. Yote aliyaandika kwenye daftari la jalada gumu, jinsi abiria walivyomsimulia waliporudi. Mwenyewe, ukweli usemwe, alikuwa hajakanyaga ndani ya ndege hata siku moja.

Namba arobaini na sita alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu, bisibisi kifuani, grisi hadi kwenye viwiko. Kabla hajafika kaunta, mama mmoja alimdaka.

"Wewe si ndiye fundi wa lifti? Umetupandisha ngazi zote hizi halafu umekuja kukata tiketi?"

"Nasubiri kifaa, mama. Kiko njiani. Nikaona nisikae bure," alijibu, kisha akamwomba radhi yeye na waliokaa pembeni yake, na waliokaa pembeni ya hao. Dirisha alimtazama akiombaomba radhi safu nzima, akajua huyu ni mtu ambaye hata akikanyagwa mguu atasema samahani.

"Karibu, kaka. Unakwenda lini?"

"Jumatatu. Semina ya kampuni, siku nne. Nipe kiti cha kwenye njia, karibu na mlango."

"Kwa nini mlango?"

"Nimezoea milango."

Dirisha akaacha kuandika. "Kazi yako hasa unaifanyia wapi?"

"Ndani ya shimo la lifti. Giza, mimi na taa yangu ya kichwani."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa kumi na moja."

"Miaka kumi na moja shimoni, leo unapewa anga zima, unaomba mlango," alisema Dirisha, na waliokuwa nyuma wakacheka. "Nimekupa saba A, kushoto. Dakika ya ishirini utaona ziwa lenye rangi tatu. Usilale."

"Nikilala?"

"Nitajua."

Hakulala. Ijumaa alirudi, safari hii na shati jeupe lililopigwa pasi na nywele zilizonyolewa, akapanga foleni kama wengine wote, akafika kaunta akasema, "Ni rangi nne. Kuna ya zambarau ukingoni." Dirisha akafungua daftari, akasahihisha mbele yake. Kisha akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, jambo ambalo mwenzake wa kaunta ya tatu alimtania nalo wiki nzima.

Miezi minane ikapita hivyo, ya simu za mchana na matembezi ya Jumapili. Fundi alikuwa akimpigia akiwa ndani ya shimo, sauti ikirudi rudi kwenye kuta. "Mpenzi, niko ghorofa ya tisa kwa nje." "Shuka kwanza, Fundi, ndiyo unipigie." "Nikishuka nitakukumbuka zaidi." Alikuwa na maneno machache na yote alimpa yeye. Dirisha alipenda mikono yake mizito na jinsi alivyosikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi. Lakini hakuwahi kulitamka, kwa sababu aliwahi kulitamka kabla.

Mpenzi wake wa kwanza, Dirisha alimkatia tiketi kwa mkono wake mwenyewe, ya kwenda tu, kwa ahadi ya miezi sita. Mwaka ulipotimia alimwona kwenye picha za watu, amevaa suti nyeupe, ameshikana mkono na bibi harusi. Tangu siku hiyo, kila alipokata tiketi ya kwenda tu, aliikumbuka ile suti nyeupe.

Basi ilikuwa siku ya Jumanne, Fundi alipomwita aje waijaribu lifti aliyoifunga upya. Wakaingia wawili. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne akabonyeza kitufe, lifti ikasimama.

"Imekufa tena?" Dirisha akauliza.

"Nimeisimamisha. Dakika moja tu, mama, nisikilize. Nimepata kazi ng'ambo, kwenye majengo marefu. Mkataba kuna wa mwaka mmoja na wa miaka mitatu. Siku nitakayoripoti ndipo nachagua mmojawapo, na nikishasaini nimesaini. Nataka kukuoa. Ukikubali, nasaini mwaka mmoja, narudi, tunafunga ndoa. Ukikataa, nitasaini mitatu, maana hapa sitakuwa na kitu cha kunirudisha."

Dirisha aliangalia vitufe. Alitaka kusema ndiyo.

"Washa lifti, Fundi."

Akaiwasha bila kubishana.

Wiki iliyofuata oda ya tiketi yake ikaja kutoka kwa waajiri wapya, na ikaangukia kaunta ya pili. Dirisha alisoma mstari wa kwanza, akasoma tena. Kwenda tu. Jioni hiyo ndiyo waligombana, kwa simu, yeye akiwa jikoni kwa mama yake mdogo aliyemlea.

"Hukuniambia ni ya kwenda tu."

"Ya kurudi wananunua baada ya mkataba, mpenzi. Ndivyo wanavyofanya kwa wote."

"Wote husema hivyo."

"Wote ni nani? Mimi ni mmoja. Wewe unamjibu mtu mwingine, Dirisha. Mimi bado nasubiri langu."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Siku tatu hawakuzungumza. Siku ya nne, jioni ya kuamkia safari, Dirisha akapiga mwenyewe.

"Nimekuchagulia kumi na mbili A," alisema, na sauti yake ikawa ya kaunta, kavu, kwa sababu nyingine ingemtoa machozi. "Kushoto, mbele ya bawa. Ndege zinazoondoka saa moja asubuhi zinapita juu ya nyumba yetu, naziona kila siku nikianika nguo. Ukimaliza kuhesabu sitini tangu magurudumu yaondoke chini, angalia. Kuna paa la saruji lenye matangi mawili meusi. Kama jibu ni ndiyo, utaona shuka la njano limetandazwa."

"Huwezi kuniambia sasa hivi?"

"Nikikuambia kwa simu nitalia, na nikilia hutaondoka."

"Na nisipoona shuka?"

Hapo ndipo kiburi kilipomponza Dirisha. Alikuwa bado na hasira kidogo, na alitaka kuonekana mtu mwenye msimamo. "Usipoona, usiniulize tena."

"Sawa," alisema Fundi. "Nisipoona, nitasaini mitatu, wala sitakusumbua. Simu yangu namwachia dada, kule watanipa laini yao. Kwa hiyo usijilazimishe kunitafuta kunipa pole."

Kwa maneno hayo wakaagana. Watu wazima wawili, wenye akili timamu, wakaukabidhi uchumba wao kwa dirisha la ndege na kipande cha kitambaa.

Saa kumi na moja alfajiri Dirisha alikuwa juu ya paa. Alilitandaza shuka la njano kwenye saruji, akaweka tofali kila pembe. Akaona dogo. Akashuka, akachukua na shuka la mama mdogo, la njano pia lakini lililofifia, akaliunganisha na la kwanza. Alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ya siku nzima. Alivaa gauni jekundu ili aonekane, akasimama katikati ya matangi akiangalia magharibi, uliko uwanja wa ndege.

Saa moja ikafika, ikapita. Saa moja na nusu mwenzake wa kaunta ya tatu akapiga.

"Shoga, ndege ya mtu wako imeahirishwa. Kuna hitilafu ndogo, wanasema itaondoka saa nane mchana. Abiria wameshaingia ndani, wamekalishwa kule ukumbi wa kuondokea."

"Ndege yake ya pili je? Anabadilisha njiani."

"Ile ni ya jioni, ataiwahi. Tulia."

Kutulia kungetoka wapi. Mama mdogo alipanda na kiti cha plastiki na mwavuli, akamkuta anazunguka matangi.

"Nenda uwanjani, mwanangu, ukamwambie uso kwa uso."

"Ameshapita ukaguzi. Asiye na tiketi haingii kule."

"Hata kuita?"

"Hata kuita, mama."

"Nyie watoto," alisema mama mdogo, akakaa kwenye kiti. "Mimi baba yako mdogo aliniuliza, nikamjibu. Ilichukua muda wa kupiga chafya."

Jua likapanda. Saruji ikawa ya moto hata kupitia ndala. Upepo, uliokuwa umelala asubuhi yote, ukaanza kuvuta pembe za shuka, na Dirisha akaongeza matofali. Alikuwa ameangalia ndege zikipita juu ya paa hili kwa miaka tisa. Kilichokuwa hakijamjia akilini ni kwamba miaka yote tisa aliziangalia asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Mchana wa siku za kazi alikuwa ofisini siku zote. Jumapili hakukaa nyumbani, na miezi hii minane alikuwa na Fundi mjini. Habari za mchana wa paa hili hakuwa nazo kabisa, na katika daftari lake hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba upepo ukigeuka ndege huruka kwa kugeukia upande wa pili.

Saa nane na dakika kumi alisikia mngurumo. Akainua mikono. Mngurumo ukakua, kisha, badala ya kuja, ukaanza kwenda. Kule magharibi, mbali, juu ya mabohari, ndege ilikuwa ikipanda ikiwa imempa mgongo.

"Ile siyo," alisema. "Siyo yenyewe."

Ndege ikazidi kuwa ndogo. Dirisha alijua ndiyo yenyewe, aliijua rangi ya mkia. Akamwona Fundi kwenye kumi na mbili A, paji la uso kwenye kioo, anahesabu hadi sitini. Na akaona kile ambacho Fundi alikuwa akikiona wakati huo. Hakuna paa, hakuna tangi, hakuna njano popote.

Akakaa chini kwenye shuka.

"Atasaini mitatu," alisema. "Atafika kesho asubuhi, ataripoti, atasaini. Na nilimwambia mwenyewe asiniulize."

"Mtumie ujumbe."

"Kwa simu ipi? Iko kwa dada yake."

"Waajiri wake?"

"Jina la kampuni ninalo, namba ya mtu sina. Hadi nimpate nani, atakuwa ameshasaini." Akajifuta uso kwa pindo la gauni. Kisha akasimama. "Ila kiti chake ninacho," akasema.

Alifika ofisini na gauni lake jekundu, vumbi la saruji magotini, wateja wakimshangaa. Akakaa kaunta ya pili, akaita safari ya Fundi kwenye kompyuta. Ndege ya pili, ile ya kuunganisha, alikuwa amempangia tisa A, kulia kwake hakuna mtu, kushoto mwezi. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na tangazo la meneja, lenye fremu: Kiti cha abiria hakiguswi bila ruhusa ya abiria. Mwaka uliopita mtu alimwaga unga kwa kosa hilo.

Akakigusa. Akamtoa tisa A, akamhamishia thelathini na nane E, safu ya mwisho, katikati ya watu wawili, mgongo ukutani mwa choo, kiti kisicholala nyuma. Halafu kwenye sehemu ya maelezo, ile ambayo wafanyakazi wa langoni huisoma pale tu abiria anapolalamika, akaandika: abiria akilalamika kuhusu kiti, tafadhali apewe simu apige namba hii. Akaweka namba ya ofisi. Akabonyeza.

Shoga yake wa kaunta ya tatu alikuwa amesogea, anasoma juu ya bega lake.

"Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Langoni watamwita wampe karatasi mpya. Ataona kiti. Anajua hakuna mwingine anayempangia viti duniani isipokuwa mimi. Atalalamika, watampa simu."

"Fundi yule? Alalamike?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Dirisha. Mwanamume aliyeomba radhi safu nzima kwa lifti ambayo hakuiharibu yeye. Angeweza kuipokea ile karatasi, kusema ahsante, akaenda kukaa na choo usiku kucha.

Saa kumi na moja na nusu kompyuta ikaonyesha ndege ya kwanza imetua. Saa kumi na mbili wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Meneja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba na funguo nyingi mkononi, akaja kuzima taa.

"Wewe si ulikuwa na ruhusa leo?"

"Naomba nibaki hadi saa moja na nusu, bosi. Nasubiri simu."

"Siruhusiwi kukuacha peke yako na mashine. Simu ya nani?"

Angeweza kudanganya. Hakuwa na nguvu za kupanga uongo. "Ya abiria. Nimembadilishia kiti bila ruhusa yake. Nimempa kibaya, makusudi, ili akasirike apige."

Meneja akavua miwani. "Rudia."

Akarudia yote, tangu shuka. Mzee alisikiliza huku akichezea funguo, akasoma kompyuta, akatazama tangazo lake ukutani.

"Hili tutalizungumza kesho, na hutalipenda," alisema. Akavuta kiti cha wateja, akakaa. "Na asipokasirika?"

"Sijui."

Saa moja kasoro robo. Saa moja kamili. Kule wangekuwa wameanza kuita safu za nyuma. Dirisha aliiinua simu mara mbili kuhakikisha ina mlio, akairudisha haraka asije akawa ameishika wakati inaita. Alifikiria miaka mitatu. Aliihesabu kwa mwezi mmoja mmoja na hakufika mbali.

Saa moja na dakika nane ikaita. Alikuwa ameishikilia kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Hallo," ilisema sauti ya Fundi, ya chini, na nyuma yake kelele za watu wengi. "Samahani kwa usumbufu. Nimeambiwa nipige namba hii."

"Fundi."

"Ni wewe," Fundi akasema. "Nilijua ni wewe. Dirisha, mimi sikupanga kukupigia, tulikubaliana. La shuka nimelimeza. Nilihesabu sitini, nikahesabu sitini nyingine, sikuona, nikasema sawa, mtu ana haki yake. Lakini umenikataa, halafu unanitafutia na kiti cha chooni? Nilikukosea nini hasa?" Ilikuwa mara ya kwanza Dirisha kumsikia na hasira, na hakuna sauti aliyowahi kuipenda zaidi.

"Uliona nini? Kushoto kwako, ulipohesabu, uliona nini?"

"Nini sasa? Machimbo ya kokoto. Na bwawa."

"Ndege iliruka kinyume. Upepo uligeuka, Fundi. Mchana zinarukia magharibi, mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa juu ya paa tangu alfajiri. Shuka lilikuwepo. Yalikuwa mawili."

Mtu alikuwa akiita majina kwa kipaza sauti kule alikokuwa Fundi.

"Lilikuwepo?"

"Hadi sasa liko. Sijalianua."

"Kwa hiyo... Mpenzi, wanafunga lango. Usinipe shuka, wala kiti. Nijibu kwa mdomo wako, nisikie."

Machozi yalikuwa yameshaanza, yale yale aliyoyaogopa, yakidondoka kwenye kibodi mbele ya bosi wake.

"Ndiyo," alisema Dirisha. "Ndiyo, nitaolewa na wewe. Saini mwaka mmoja."

"Sema tena."

"Ndiyo. Ndiyo, Fundi."

Akamsikia akimwambia mtu pembeni, kwa sauti iliyopasuka, naingia, naingia, samahani sana. Kisha simu ikakatika. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya taa, na alisubiri hadi Dirisha alipomaliza kulia ndipo akazima.